Jinsi midoli inavyowafundisha wakunga kuokoa watoto wachanga

Mtoto anayezaliwa bila kupumua hana muda wa kusubiri. Wataalamu huiita dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa "dakika ya dhahabu". Ndani ya dakika hiyo mkunga anatakiwa kumkausha mtoto, kumsugua mgongo na, asipopumua, kuanza kumsukumia hewa. Takriban mtoto mmoja kati ya kumi huhitaji msaada wa aina fulani ili aanze kupumua. Mkunga atajifunzia wapi kazi hiyo bila kuhatarisha maisha? Katika makala hii tunaeleza mchango wa midoli ya mafunzo.

Mdoli unafanyaje kazi?

Åsmund Lærdal wa Stavanger, Norway, alikuwa mtengenezaji wa vichezeo. Mwaka 1960 alitoa Resusci Anne, mdoli wenye ukubwa wa mtu mzima, wa kufundishia kupuliza hewa mdomo kwa mdomo. Kampuni yake ndiyo iliyokuja kutengeneza NeoNatalie, mdoli wa mtoto mchanga unaojazwa maji ili uwe na uzito na ulegevu wa mtoto halisi. Mkufunzi akiminya kipira kidogo, kitovu hudunda kama moyo unavyopiga. Barakoa ya kupitishia hewa ikikaa vibaya usoni, hewa huvuja na kifua hakiinuki. Mwanafunzi huona kosa lake papo hapo, na hakuna aliyedhurika.

Kwa nini siku moja haitoshi?

Mafunzo ya Helping Babies Breathe, yaani kuwasaidia watoto kupumua, yalizinduliwa mwaka 2010 na kutumia mdoli huo. Katika hospitali nane za Tanzania, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47.

Hata hivyo, Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, iligundua jambo muhimu. Baada ya mafunzo ya siku moja, wahudumu walifanya vizuri zaidi mbele ya mdoli, lakini namna walivyowahudumia watoto halisi haikubadilika.

Hospitali ikabadili utaratibu. Wahudumu wakaanza kufanya mazoezi mafupi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, pamoja na marudio ya dakika 40 kila mwezi, palepale kazini. Vifo vya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai.

Matokeo makubwa zaidi

Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya mradi wa Safer Births katika hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano ya Tanzania. Mradi huo uliunganisha mazoezi ya mara kwa mara, vifaa vya kupima mapigo ya moyo wa mtoto, na takwimu za kila kituo. Vifo vya watoto wakati wa uchungu wa uzazi na muda mfupi baada ya kuzaliwa vilipungua kwa asilimia 18.

Tunachojifunza ni kwamba mdoli peke yake hauokoi mtoto. Ukifungiwa kabatini baada ya semina, ujuzi hufifia. Ukiwekwa karibu na chumba cha kujifungulia, na mkunga akaushika kila wiki, mikono yake itakuwa tayari siku mtoto atakapozaliwa kimya.