Mlio wa Kwanza: Bunduki katika Historia ya Rufiji

Utamaduni wa taifa haumo katika ngoma, mashairi na mapishi peke yake. Umo pia katika zana ambazo watu wamezishika mikononi mwao, na katika masharti waliyojiwekea juu ya kuzishika. Jembe lina masharti yake, mtumbwi una masharti yake, na bunduki nayo, ijapokuwa ilitoka ng'ambo, ilipofika kwetu iliwekewa masharti. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi watu wa bonde la Mto Rufiji na delta yake, kuanzia Utete na Mohoro mpaka Kibiti na Salale, walivyokutana na silaha hiyo, na hasa jinsi mtu alivyoifyatua kwa mara ya kwanza. Tumechagua mara ya kwanza kwa sababu hapo ndipo mtu huelezwa bunduki ni ya nini, na ni nani atakayemdai hesabu ya risasi aliyoitoa.

Gobore na Shamba

Rufiji ni mto wa gharika. Mvua zikiwa kubwa, maji hupanda kingo na kufunika bonde. Yakirudi, huacha udongo wenye rutuba. Tangu zamani wakulima wa huko wamepanda mpunga kwa kutegemea mvua na gharika, na maji yakipungua wamepanda mahindi na kunde katika kilimo kiitwacho mlao. Lakini shamba zuri hupendwa na wengi. Nguruwe mwitu, nyani, viboko na ndege hulipenda kama alipendavyo mwenyewe. Kwa sababu hiyo watu walijenga madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakalala humo wao na watoto wao kulinda mazao. Silaha zao zilikuwa kelele, moto, mbwa, nyavu, mikuki na gobore.

Magobore yaliingia kwa wingi katika karne ya 19 kwa njia ya biashara ya pwani, wakati pembe za ndovu na watumwa vilipokuwa vikipelekwa Kilwa na Unguja. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia sahihi Mkataba wa Brussels, ambao pamoja na mambo mengine ulizuia Waafrika kuuziwa bunduki za kisasa, lakini ukaacha nafasi kwa bunduki za kizamani zisizo na mifuo ndani ya mtutu. Hivyo gobore likabaki kuwa bunduki ya mkulima, na bunduki ya kisasa ikawa ya serikali ya kikoloni na askari wake. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kudhibiti uwindaji, na sehemu ya nchi ya Rufiji ikatengwa kuwa hifadhi ya wanyama. Mnyama aliyekuwa akila shamba la mtu akawa chini ya ulinzi wa sheria, na mwenye shamba akawa hana budi kuomba ruhusa.

Yafaa vijana wa leo waelewe namna gobore lifanyavyo kazi. Hushindiliwa kwa mdomo wa mtutu. Kwanza humiminwa baruti, kisha kitambaa au makumbi ya nazi, navyo hushindiliwa kwa ufito wa chuma. Halafu hufuata goroli au vipande vya chuma, na kitambaa kingine cha kuvizuia visianguke. Mwisho huwekwa fataki. Baruti ikizidi, mtutu waweza kupasuka ukamjeruhi mpigaji usoni. Ikipungua, nguruwe hujeruhiwa tu, na nguruwe aliyejeruhiwa ni hatari kuliko mzima. Tena, baada ya mlio mmoja kazi yote huanza upya. Ndiyo maana mwenye gobore hakuwa mtu wa kupiga ovyo.

Katika utoto wetu bado tuliyaona magobore hayo yametundikwa ukutani, midomo yake imezibwa kwa kitambaa ili unyevu usiingie. Kijana hakupewa bunduki siku ya kwanza. Alianza kwa kubeba pembe ya baruti, akafuatia kusafisha mtutu, kisha akajifunza kupima baruti kwa kiganja, mzee akimtazama bila kusema neno. Miaka miwili mitatu ilipita kabla ya kuruhusiwa kufyatua. Siku ilipofika, mlio wake wa kwanza ulipigwa mchana, mbele ya wakubwa, kuelekea upande usio na njia wala kisima. Na kila mlio uliosikika usiku ulitakiwa kuelezwa asubuhi: nani amepiga, amepiga nini, na nyama iko wapi. Kijiji kizima kilikuwa karani wa hesabu hiyo.

Maji na Risasi

Mwaka 1904 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alianza kuwagawia watu maji ya dawa, akiwaahidi kwamba risasi za Wajerumani zitageuka kuwa maji. Watu walitoka Umatumbi, bonde la Rufiji na kwingineko kumwendea. Mwishoni mwa Julai 1905 pamba ya mashamba ya kulazimishwa iling'olewa huko Nandete, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa havijatimiza hata wiki mbili.

Wako wanaoichukulia imani ile ya maji kuwa ni ujinga. Sisi hatukubaliani nao. Mtu aliyeizoea bunduki ya kushindilia anajua kwamba adui wa kwanza wa baruti ni unyevu. Gobore lililolowa haliwaki. Hulia fataki peke yake, na kilichomo ndani hubaki humo. Kwa maoni yetu, ahadi kwamba maji yanaishinda risasi ilieleweka upesi katika nchi ambayo kila mwenye gobore amepata kuaibishwa na umande. Jambo ambalo wengi walikuwa hawajapata kuliona ni risasi iliyofungwa ndani ya ganda la shaba, ambayo mvua haiidhuru, na silaha inayotoa risasi mfululizo bila mtu kushindilia. Silaha hiyo, ambayo wazee waliiita bombomu, ndiyo iliyowapokea wapiganaji walipoishambulia boma ya Mahenge tarehe 30 Agosti 1905, wakaanguka kwa mamia.

Vita viliendelea mpaka 1907. Wajerumani walichoma vijiji, maghala na mashamba, na njaa ikaua wengi zaidi ya risasi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia watu 75,000 na kufika 300,000. Vita hivyo viliunganisha makabila mengi katika jambo moja, na hiyo ni heshima yake katika historia ya taifa letu. Hata hivyo tusiwasahau vijana ambao mlio wao wa kwanza vitani ulikuwa pia wa mwisho, kwa kuwa gobore haliruhusu wa pili mbele ya bombomu.

Manowari katika Mikoko

Miaka 9 baada ya Kinjikitile kunyongwa, delta ilisikia milio ya aina nyingine. Manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg, chini ya Kapteni Max Looff, ilizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika mikono ya Rufiji, ndani ya mikoko. Waingereza waliiziba milango ya mto, wakaiteka Mafia mapema mwaka 1915, na kutoka huko wakarusha ndege za kuitafuta. Tarehe 6 na 11 Julai 1915 meli zao mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ziliingia mtoni na kuipiga kwa mizinga, huku ndege zikielekeza shabaha kutoka juu. Mara ya pili Königsberg iliteketea, na Wajerumani wenyewe wakaizamisha.

Mizinga yake 10, yenye kipenyo cha milimita 105, iliopolewa na kuvutwa na watu hadi Dar es Salaam ili itengenezewe magurudumu. Kisha iliburutwa huku na huko katika Tanganyika, mamia ya Waafrika wakivuta kamba katika matope na milima. Leo mmoja waonekana katika Ngome ya Yesu, Mombasa, na mwingine Pretoria, Afrika Kusini. Mabaki ya meli yalimezwa na matope ya Rufiji.

Katika masimulizi mengi ya kigeni habari hii husimuliwa kama mchezo wa paka na panya kati ya mabaharia hodari. Msomaji hapewi nafasi ya kumwona mvuvi ambaye njia yake ya mtumbwi ilifungwa, wala mpagazi aliyekata roho kambani. Mizinga ile ilirushwa juu ya vichwa vya watu ambao hawakuulizwa neno, na hakuna mzee yeyote wa delta aliyeweza kuuliza asubuhi: nani amepiga, na amepiga nini?

Mgambo

Baada ya Uhuru, wananchi walianza kushika bunduki kwa niaba ya nchi yao wenyewe. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulisisitiza kwamba ulinzi ni wajibu wa umma mzima, na mafunzo ya mgambo yakaenea vijijini. Faida yake ilionekana katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mgambo walipopigana bega kwa bega na wanajeshi.

Sisi tulipitia mafunzo hayo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa majuma mengi tulibeba bunduki isiyo na risasi, tukaifungua na kuifunga mpaka vidole vikaijua gizani. Siku ya shabaha kila mmoja alipewa risasi 5. Tulilala kifudifudi, kitako kikiwa kimebanwa begani, mkufunzi amesimama nyuma. Mlio ulikuja kabla hatujauwazia. Bega lilisukumwa, masikio yakavuma, na harufu ya baruti ikatukumbusha nguo za wazee waliotoka shamba alfajiri. Hatukujua risasi ilikwenda wapi. Furaha tuliyoitazamia haikuja. Ilikuja hofu ndogo, ya mtu aliyegundua kwamba kidole chake kina nguvu kuliko alivyodhani.

Tuliporuhusiwa kusimama hatukuruhusiwa kuondoka. Kila mmoja alitakiwa kuokota maganda yake 5 ya risasi na kuyakabidhi. Ganda moja lilipopotea majanini, kundi zima lilipiga magoti kulitafuta chini ya jua la saa nane, na hakuna aliyekwenda kula mpaka lilipoonekana. Baadhi yetu walinung'unika. Sisi tuliona kwamba mkufunzi yule, aliyetoka mkoa wa mbali na asiyepata kulala katika dungu, alikuwa akitufundisha lile lile tulilofundishwa na wazee wetu.

Risasi Zisizo na Hesabu

Kati ya mwaka 2015 na 2017 watu wenye silaha waliua viongozi wa vijiji na vitongoji, askari polisi na raia wengine katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliviziwa na kuuawa huko Kibiti, na bunduki zao zikachukuliwa. Mwaka huo huo Rufiji ilifanywa kanda maalumu ya kipolisi. Viongozi wengine walihama nyumba zao. Jua lilipotua milango ilifungwa, na waliokuwa wakilala shambani waliogopa kwenda. Zimebaki familia zinazoomboleza hadi leo.

Hatutaki kuyasema hayo kwa kirefu, kwa kuwa vidonda ni vibichi. Lakini mwalimu atakayefundisha historia ya bunduki Rufiji akaishia Maji Maji na Königsberg atakuwa amewaficha wanafunzi jambo wanalolijua tayari kwao nyumbani. Katika nchi ambayo zamani mlio wa usiku ulielezwa asubuhi, ilifika miaka ambayo watu waliusikia mlio na hakuna aliyethubutu kuuliza. Huo nao ulikuwa msiba, juu ya ule wa vifo vyenyewe.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka kila mwenye silaha awe na leseni, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo sheria huandikwa mjini, na mlio husikika kijijini. Kwa hiyo twawaomba walimu wa Kibiti, Utete, Ikwiriri na Mohoro wawatume wanafunzi wao kwa wazee waliobaki, wakaandike jinsi gobore lilivyoshindiliwa, nani aliruhusiwa kulishika, na nini kilimpata aliyepiga bila sababu. Wazee hao wanapungua kila mwaka. Masharti yao hayakuwekwa katika kitabu chochote, na sharti kubwa kuliko yote lilikuwa hili: aliyepiga usiku, asubuhi aeleze.