Isiolo: Kibali cha Kwanza Kilitolewa Nyumbani

Historia ya Wakenya kusoma ng'ambo mara nyingi husimuliwa kuanzia uwanja wa ndege. Mnamo Septemba 1959, wanafunzi 81 walitua New York katika safari iliyopangwa na kiongozi wa wafanyakazi Tom Mboya, akisaidiwa na Wamarekani weusi mashuhuri kama mchezaji wa besiboli Jackie Robinson na mwimbaji Harry Belafonte. Mwaka uliofuata familia ya Kennedy ilichanga dola 100,000, na kufikia 1963 vijana karibu 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamepita njia hiyo. Mwanasiasa Oginga Odinga naye alikuwa akiwatafutia wengine nafasi Urusi na Ulaya ya Mashariki. Haja ilikuwa kubwa: wakati Mboya anaanza, Nairobi haikuwa bado na chuo cha kutoa shahada, na chuo cha Makerere, Uganda, hakikuweza kuwachukua wote.

Kwa kijana wa Garba Tulla au Merti, kaskazini mwa Kenya, hata hivyo, safari ilianzia mbali na uwanja wa ndege. Ilianzia getini Isiolo.

Isiolo iko takriban kilomita 285 kaskazini mwa Nairobi, na wakati wa ukoloni ndiyo iliyokuwa mlango wa wilaya ya mpaka wa kaskazini, NFD. Sheria ya mwaka 1902 iliruhusu wilaya kama hiyo kufanywa eneo lililofungwa, na ile ya 1934 ikawapa maafisa wa utawala mamlaka ya kuwazuia watu wasisafiri watakavyo. Mgeni hakuingia bila kibali. Mfugaji naye hakushuka kusini apendavyo. Ajabu ni kwamba mji wenyewe ulijengwa kwa sehemu na watu waliozoea kuvuka bahari. Wasomali wa Isaaq na Harti waliotumikia jeshi la Mwingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia walipewa makazi hapa, na wengi walikuwa na ndugu katika bandari za Berbera na Aden. Watoto wao walikulia mahali ambapo hata kwenda wilaya jirani kulihitaji karatasi ya serikali.

Uhuru haukulifungua geti hilo. Desemba 1963, wiki mbili hivi baada ya bendera kupandishwa, serikali ilitangaza hali ya hatari kaskazini kwa sababu ya vita vya shifta, yaani uasi wa waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia. Wafugaji wa Kiborana wa Isiolo walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa, Garba Tulla na Merti vikiwemo, na mifugo yao mingi ikafa au ikachukuliwa. Kwa mfugaji, ng'ombe na ngamia ndio karo na ndio nauli. Kwa hiyo vita hivyo viliwafunga wanafunzi ambao hata hawakuwa wamezaliwa.

Mwaka 1965 serikali ikatoa Waraka Namba 10, ulioelekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye ardhi nzuri na mvua ya kutosha, ambako zingezaa haraka. Isiolo haikuwa miongoni mwa hayo. Shule chache zilizaa wahitimu wachache, na wahitimu wachache wakapata nafasi chache za udhamini. Vita vilikwisha 1967, lakini sheria za hali ya hatari ziliendelea hadi 1991.

Hata hivyo wapo waliopenya. Mfano mkubwa wa kaskazini ni Bonaya Godana wa Marsabit, ambako barabara ya kwenda Nairobi hupitia Isiolo. Alisomea sheria Nairobi, akapata shahada ya uzamivu Geneva, na mtoto huyo wa pembezoni mwa jangwa la Chalbi akaandika kitabu juu ya sheria za mito ya Afrika: Nile, Niger na Senegal. Baadaye alikuwa waziri wa mambo ya nje, kabla ya kufariki katika ajali ya ndege Marsabit mwaka 2006.

Wengine walielekea kwenye vyuo vya Kiislamu, ambako mafunzo ya madrasa na Kiarabu yalihesabika. Madina ilikuwa na chuo kikuu tangu 1961. Khartoum ilipata kituo cha Kiislamu cha Afrika mwaka 1977, ambacho baadaye kikawa chuo kikuu cha kimataifa. Njia hiyo nayo ilitikisika Aprili 2023, vita vilipozuka Sudan na Kenya ikalazimika kuwarudisha wanafunzi wake.

Leo lami inatoka Isiolo hadi Moyale na mji una uwanja wa ndege. Kizuizi kilichodumu zaidi ni cha karatasi. Bila kitambulisho hakuna pasipoti, na kwa miongo mingi vijana wa jamii za kaskazini walihojiwa na kamati za ziada ili kuthibitisha uraia wao, jambo ambalo wenzao wa Nyeri au Kisii hawakulijua. Februari 2025 Rais William Ruto aliagiza ukaguzi huo ukome. Agizo hilo litapimwa kwa kalenda: barua ya udhamini huja na siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi, na chuo cha ng'ambo hakimsubiri mwanafunzi ambaye nchi yake bado inamuuliza babu yake alizaliwa wapi.