Kaimosi: Dawa Iliyokuja na Msumeno

Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa na miezi minane tu tangu ifike Kisumu pale wamisionari watatu wa Kimarekani, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, waliposhika njia ya kupanda milimani Agosti 1902. Walitafuta mto wenye nguvu ya kuzungusha mashine, msitu wa kupasuliwa mbao, na baridi ya kuwaepusha na homa. Wakaweka mizigo Kaimosi, kwenye vipande vya mwisho vya Msitu wa Kakamega, pale nchi ya Watiriki inapokutana na ya Wanandi.

Hotchkiss hakuhitaji kuelezwa homa ni nini. Mwaka 1895 alikuwa amekwenda Ukambani na kundi la wamisionari la Peter Cameron Scott; kufikia Desemba mwaka uliofuata Scott alikuwa kaburini, na wenzake wakaendelea kufa au kurudi kwao mmoja mmoja.

Huko Marekani walikotoka vilevile homa ilikuwa na historia. Mafrendi hawa, wale ambao ulimwengu unawaita Quaker, walitoka sehemu za katikati ya Marekani, Chilson akiwa wa Iowa na Hole wa Ohio. Humo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, malaria iliwatetemesha wakulima wa kando ya mito kila msimu. Miaka ya 1830 tabibu John Sappington wa Missouri aliuza vidonge vya kwinini kwa wingi, wakati madaktari wengi bado walikuwa wakiwatoa wagonjwa damu. Daniel Drake wa Cincinnati alisafiri miaka mingi katika bonde la Mississippi akiyafuatilia magonjwa mto kwa mto, bwawa kwa bwawa, na mwaka 1850 akachapisha kitabu kikubwa juu yake. Kwamba mbu ndiye huieneza malaria, hakujua. Ilibidi kungoja hadi 1897, Ronald Ross alipoviona vimelea vya malaria ndani ya mbu huko India. Kaimosi ilianzishwa miaka mitano tu baadaye.

Kitu kingine kilikuwa kimetangulia kuvuka bahari kutoka bara la Amerika: funza. Mwaka 1872 meli iliyotoka Brazil ilimfikisha Angola. Akafuata njia za misafara na wapagazi, na katika miaka ya 1890 alikuwa tayari Afrika Mashariki, akiharibu vidole na kuwalemaza watu ambao wazee wao hawakuwa na dawa yake kwa kuwa hawakuwahi kumwona. Hadi leo watoto wa Magharibi mwa Kenya wanakosa shule kwa sababu yake.

Daktari wa kwanza, Elisha Blackburn, aliwasili mwaka 1903 pamoja na mkewe Virginia. Misheni ilikuwa na idara nne: injili, elimu, kazi za mikono na tiba. Tiba basi ilikaa jirani na mashine ya kupasua mbao, na ukaribu huo ulikuwa na maana yake, kwani palipo na mbao na mafundi hapakosi kitanda, mlango na paa. Watu wa kwanza kuijua Kaimosi kwa undani walikuwa vibarua na wanafunzi wake. Miongoni mwao walikuwa Daudi Lung'aho na mkewe Maria Maraga, ambao majina yao yanastahili kutajwa mapema katika kila simulizi ya mahali hapa, si mwishoni.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1914. Vijana wa Kavirondo, kama eneo hili lilivyoitwa wakati huo, walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, na wapagazi wa Kenya waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 40,000, wengi zaidi kwa kuhara damu na malaria kuliko kwa risasi. Katika miaka ya 1920 buba, ugonjwa wa vidonda vinavyotafuna ngozi na mifupa, ulianza kutibiwa kwa sindano. Vidonda vilikauka mbele ya macho ya jamaa, na sindano ikapata sifa ambayo mahubiri peke yake yasingeipa. Siku hizo tiba ya Kaimosi ilikuwa chini ya uangalizi wa Dakta Bond.

Kuzunguka misheni mambo yalibadilika pia: makao makuu ya wilaya yalikuwa yamehama Mumias kuja Kakamega mwaka 1920, na miaka ya 1930 dhahabu ikaleta wachimbaji kwa wingi. Mwaka 1946 Mafrendi wa Afrika Mashariki waliunda Mkutano wa Mwaka wao wenyewe, yaani chombo chao cha kujiongoza. Leo Kenya ina Mafrendi wengi kuliko nchi yoyote duniani.

Wilaya ya Vihiga ilipokatwa kutoka Kakamega mwaka 1990, Kaimosi ilienda nayo kwenye karatasi. Hospitali iliyotokana na tiba hiyo ya misheni sasa inaitwa Jumuia Friends. Wagonjwa hushuka kwenye pikipiki wakitoka Cheptulu, Serem na upande wa Nandi, na nyuma ya wodi msitu bado umesimama, umepungua sana kuliko ule walioukuta watu wa msumeno.