Elimu Iliyokuja kwa Bahasha: Walimu wa UPE na Masomo ya Nyumbani

Neno masafa lina kazi mbili katika Kiswahili cha leo. Ni umbali ulioko baina ya mahali na mahali, na pia ni yale mawimbi ambayo kwayo redio hushika kituo. Waliounda istilahi ya elimu masafa bila shaka walikuwa na maana ya kwanza akilini. Kwetu Izimbya, Bukoba Vijijini, maana zote mbili zilikutana chini ya paa moja miaka ya sabini. Ndiyo maana nashindwa kukubaliana na wanaoandika kwamba Watanzania walianza kusomea nyumbani mwaka 2020, pale ugonjwa wa korona ulipofunga shule. Nimefundisha Historia na Kiswahili katika shule za sekondari hadi nikastaafu, na jambo hili sikulikuta katika muhtasari wowote wa somo nililofundisha.

Wapenzi wa ushairi wanaweza kusogeza tarehe nyuma zaidi. Gazeti la Mambo Leo lilianza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya serikali ya Tanganyika, na kurasa zake zikawa baraza la malenga wasiowahi kuonana uso kwa uso. Mtu alitunga shairi kwao, akalitia katika bahasha, akangoja. Akijibiwa, alijibiwa na malenga wa mji mwingine aliyemkosoa vina au aliyemfungulia fumbo. Kama huko si kusoma kwa mbali, basi sijui tukuite nini. Lakini halikuwa darasa lenye mpangilio na mtihani, na hilo ndilo ninalotaka kulizungumzia.

Darasa la namna hiyo lilifika katika nyumba nyingi za vijijini kupitia ushirika. Chuo cha Ushirika kilifunguliwa Moshi mwaka 1963, na mwaka uliofuata kikaanzishwa hapo hapo Moshi Kituo cha Elimu ya Ushirika, kilichotoa mafunzo kwa njia ya posta kwa makarani, wajumbe wa kamati na wanachama wa vyama vya msingi. Wahaya walikuwa na sababu ya kuyataka mafunzo hayo. Chama kikuu cha ushirika cha Bukoba kilikuwapo tangu mwaka 1950, kahawa ya maganda ilipimwa kwenye mizani ya chama, na mkulima asiyejua hesabu alitegemea uaminifu wa karani. Baba yetu, ambaye kwa Kihaya tulimwita Tata, alikuwa karani wa chama cha msingi. Alijifunza utunzaji wa vitabu vya fedha kwa vijitabu vilivyokuja na basi kutoka Posta ya Bukoba. Alijibu maswali kwa kalamu ya wino usiku, akapeleka bahasha mjini, na baada ya majuma mengi karatasi zilirudi zikiwa zimesahihishwa. Sisi watoto tulikatazwa kuzigusa.

Kisha ikaja redio. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyozaliwa mwaka 1960 kama tawi la Makerere, iliendesha kampeni za kusoma kwa vikundi, na kubwa iliyokumbukwa kuliko zote ni Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi nchi nzima, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kitabu, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka karibu na nyumba. Utaratibu wake ni wa kuzingatiwa. Redio haikuachwa iseme peke yake. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa kabla, na kazi yake ilikuwa kuuliza: tumesikia nini, nasi tutafanya nini?

Utaratibu huo ndio ulioazimwa lilipotokea jambo zito zaidi. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaamua kwamba kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo Novemba 1977. Mpango wa awali ulikuwa umelenga mwaka 1989. Miaka 12 ilikatwa kwa azimio moja. Mwaka huo wa 1974 wanafunzi wa shule za msingi walikuwa takribani milioni 1.2, kufikia mwaka 1980 walizidi milioni 3. Majengo yaliweza kupatikana, kwa maana wanakijiji walifyatua matofali, na pale yalipokosekana mti wenye kivuli ulitosha. Mwalimu hafyatuliwi. Vyuo vya ualimu vyote vikijumlishwa visingeweza kutoa hata sehemu ndogo ya waliohitajika katika muda huo.

Jibu la Wizara lilikuwa kuwachukua vijana waliomaliza darasa la saba, kuwaweka katika shule za vijiji vyao, na kuwafundisha ualimu pale pale walipo kwa muda wa miaka mitatu. Sehemu ya siku walifundisha watoto wa madarasa ya chini; sehemu nyingine walisoma. Masomo yalikuja kwa njia tatu: vijitabu vya posta, vipindi vya Radio Tanzania, na mikutano ya ana kwa ana na Mratibu wa Elimu wa Kata, cheo ambacho kwa wengi wetu kilikuwa kipya. Mwishoni waliitwa chuoni kwa majuma kadhaa, wakafanya mtihani, na waliofaulu wakapewa daraja la tatu C. Kwa mpango huu nchi ilipata walimu zaidi ya 35,000. Kenya na Uganda nazo zilikuwa na masomo ya posta tangu miaka ya sitini, lakini sijapata kusikia nchi jirani iliyowaamini vijana wengi kiasi hicho kwa pamoja, na mapema kiasi hicho.

Dada yangu alikuwa mmoja wao. Alipochukuliwa alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, na nadhani kama angetakiwa kwenda kukaa chuo cha mbali asingeruhusiwa. Tata alikuwa amepoteza kazi pale vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976, na mikono ya binti mkubwa ilihitajika kibanjani. Kusomea nyumbani ndiko kulikomfungulia mlango. Hata hivyo nyumbani si chuo, na wanaosifu kazi za nyumbani siku hizi wakumbuke kwamba nyumba haijui kuwa unasoma. Ndizi zilingoja kumenywa, maji yalingoja kuchotwa, na wageni wa jioni hawakuwa na habari ya saikolojia ya mtoto. Mama, ambaye hakuwahi kukaa darasani isipokuwa la watu wazima, aliweka amri moja: kipindi cha redio kikianza, asitumwe mtu yule. Akitumwa, alikwenda mwingine. Mara nyingi mwingine huyo nilikuwa mimi.

Betri zilikuwa ghali. Zikichoka tulizianika juani juu ya paa ili zipate nguvu ya kumalizia kipindi, na redio ilizimwa punde tu somo lilipokwisha, hata kama muziki ulifuata. Dada aliketi na daftari, akiandika kadiri mkono ulivyoweza kuifuata sauti. Jambo ambalo wanahistoria wa elimu hawalitaji, lakini wapenzi wa lugha watalithamini, ni kwamba vipindi vile vilikuwa pia somo la Kiswahili. Sisi tuliozaliwa na Kihaya kinywani tulikisikia Kiswahili shuleni kutoka kwa walimu ambao nao walizaliwa na Kihaya kinywani. Sauti ya mtangazaji ilileta matamshi mengine na mpangilio mwingine wa sentensi. Dada alirudia maneno kwa sauti ndogo baada ya mtangazaji, na asubuhi yake watoto wa darasa la kwanza waliyapokea yakiwa bado mabichi.

Kilichomjenga zaidi, kwa maoni yangu, ni mratibu. Alikuja kwa baiskeli akiwa na mfuko wa daftari, na katika msimu wa mvua alifika matope yamempanda hadi magotini. Aliketi nyuma ya darasa akamtazama dada akifundisha kujumlisha kwa punje za maharage. Baadaye walikaa chini ya mwembe na karatasi za majaribio. Nimeziona karatasi hizo. Wino mwekundu ulijaa pembezoni, na maoni yake hayakuwa ya kubembeleza. Kwenye moja aliandika kwamba dada amejibu swali alilotamani kuulizwa, wala hakujibu aliloulizwa. Dada alilia, kisha akaandika upya kurasa nne. Kurasa zile nne zilisomwa tena na mtu yule yule, naye akaandika chini yake neno moja: Sasa.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kukalia eneo lote la kaskazini ya mto Kagera. Mkoa wetu wakati huo uliitwa bado Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja baada ya vita, mwaka 1979. Watu waliokimbia walipita vijijini wakiwa na magodoro kichwani, bahasha za masomo zikachelewa, na redio iliyokuwa ya ualimu ikawa ya habari za vita, ikizungukwa na wanaume ambao hapo kabla hawakuijali. Shule yetu haikufungwa. Dada aliendelea kufundisha kwa vijitabu alivyokuwa navyo, akivirudia. Alifanya mtihani wake wa mwisho vita vikiwa vimekwisha, akafaulu.

Hapo ndipo lilipoanza jambo ambalo lilimuumiza kuliko wino mwekundu. Herufi tatu za UPE, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya elimu ya msingi kwa wote, zilianza kusemwa kana kwamba ni neno la Kiswahili, na neno hilo likawa tusi. Wacheshi walisema kirefu chake ni Ualimu Pasipo Elimu. Mtu akikosea hesabu dukani aliulizwa kama alifundishwa na mwalimu wa UPE. Kizazi kimoja baadaye, katika miaka ya 2000 shule za sekondari za kata zilipojengwa kwa haraka na vijana wa kidato cha sita wakapewa mafunzo ya majuma machache, nao walipachikwa jina la huduma ya kuongeza salio la simu: vodafasta. Kiswahili ni hodari wa majina ya namna hii. Ninayafurahia kama mwalimu wa lugha, ila kama mwalimu wa historia nayashuku, kwa sababu jina likishakuchekesha huoni tena haja ya kuchunguza.

Waliochunguza waliona jambo tofauti na kejeli. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 na taasisi ya UNESCO ya mipango ya elimu iliyoko Paris uliwalinganisha walimu wa Tanzania waliofunzwa kwa masafa na wale waliopita vyuoni. Waliopita vyuoni walikuwa mbele katika baadhi ya maeneo, lakini kwa jumla makundi hayo mawili yalikaribiana. Sisemi kwamba mpango haukuwa na kasoro. Kumkabidhi kijana wa darasa la saba darasa lenye watoto themanini ni kumtwisha mzigo wa mtu mzima, na vijitabu havikufika kwa wakati hata pale ambapo hapakuwa na vita. Lakini lawama ya darasa kufurika ilitupwa kwa aliyesimama mbele yake, naye ndiye aliyekubali kusimama pale.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza chini ya Profesa Geoffrey Mmari, kiliurithi ujuzi huo na kuupa heshima ya shahada. Hakuna anayewacheka wahitimu wake kwa kusomea nyumbani.

Machi 17, 2020 serikali ilitangaza kufunga shule. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili ya utumishi. Vipindi vya masomo vilirushwa kwenye televisheni na redio, baadhi ya shule za mijini zikatuma kazi kwa simu, na wanafunzi wangu wengi wakarudi kibanjani. Kidato cha sita walirejea Juni 1, wengine Juni 29. Nilisikiliza baadhi ya vipindi vile. Walimu walifundisha vizuri, wengine kuliko mimi. Dada, aliyekuwa ameshastaafu, alisikiliza moja pamoja na mjukuu wake aliyekuwa darasa la sita. Kipindi kilipokwisha akamwuliza mtoto majibu yake atampelekea nani ayasahihishe. Mtoto alidhani bibi anatania.

Swali lile halikuwa la utani. Mwaka 1977, katika kijiji kisicho na umeme wala simu, msichana wa darasa la saba alikuwa na mtu anayejulikana kwa jina na kwa baiskeli yake, ambaye wajibu wake ulikuwa kuisoma kazi yake na kuirudisha. Mwaka 2020 tulikuwa na mitambo ambayo mratibu yule asingeiota, lakini kazi ya mtoto wa Izimbya haikuwa na pa kwenda. Waratibu wa kata walikuwapo bado, tena wana pikipiki. Kwetu sikuona aliyetumwa kuzunguka na daftari.

Walimu wa UPE wa mikupuo ya kwanza walitimiza miaka 60 kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2010, na wa mwisho wao walikuwa wakikabidhi ofisi karibu na siku zile zile shule zilipofungwa. Vijitabu vyao vingi vimeliwa na mchwa au vimefungia karanga sokoni. Dada amebakiwa na vitatu, pamoja na zile kurasa nne. Kama yuko msomaji wa ukumbi huu mwenye vingine, au mwenye mzazi aliyesomea ualimu kwa redio, naomba aniandikie. Ninatafuta hasa kijitabu cha kufundishia kusoma na kuandika darasa la kwanza, ambacho dada aliazimwa mwaka 1981 na hakikurudi.