Tingatinga Ni Mtu

Picha zenyewe unazijua. Chui mwenye macho ya duara kama sahani, ndege mwenye shingo ndefu kuliko mwili wake, twiga wanne wamesongamana mpaka hujui mguu upi ni wa nani. Nyuma yao rangi moja tu, ya njano au nyekundu, inang'aa kama baiskeli mpya iliyotoka dukani. Diani ziko kila mahali: kwenye vibanda vya kandokando ya barabara ya hoteli, kwenye kamba kati ya minazi, mikononi mwa vijana wanaowafuata watalii mchangani. Mwaka jana nilimuuliza muuzaji mmoja swali dogo tu.

"Hii kachora nani?"

"Tingatinga hiyo, dada."

"Najua ni tingatinga. Nauliza aliyeichora."

"Si ndiyo nakwambia? Tingatinga."

Simlaumu. Wengi wetu tumekua tukidhani tingatinga ni aina ya picha, kama vile kikoi ni aina ya nguo. Wengine tulifikiri jina limetoka kwa lile trekta. Kumbe Tingatinga ni mtu. Alizaliwa, akaoa, akazaa, akapigwa risasi. Na kazi yake ya uchoraji, ile iliyozaa picha zote hizi tunazoziona Diani, ilidumu miaka minne tu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, kusini mwa Tanzania, karibu na mpaka wa Msumbiji. Majina yake mawili ya kwanza, la Kikristo na la Kiislamu, yanakuonyesha nyumba ya aina gani alitoka. Shule alisoma kidogo. Alipokuwa kijana alifanya walivyofanya vijana wengi wa kusini: akaenda Tanga kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge. Hapo alikuwa jirani yetu kabisa. Ukitoka Msambweni ukapita Lungalunga na Horohoro, unafika Tanga kabla hujafika Malindi ukielekea upande wa pili.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 akahamia Dar es Salaam. Alifanya kazi ya nyumbani na bustani kwa Mwingereza mmoja, kisha uhuru ukaja, mwajiri akaondoka, naye akabaki na vibarua vya hapa na pale. Inasimuliwa kwamba siku hizo wachoraji kutoka Kongo walikuwa wakiuza picha zao mjini Dar, naye akaziangalia akasema moyoni, hata mimi naweza. Mwaka 1968 akaanza.

Vifaa vyake ndivyo vilivyoupa mtindo huu sura yake. Turubai la wachoraji hakuwa na pesa ya kulinunua, kwa hiyo akachora juu ya vipande vya hadibodi, zile mbao laini zinazotumika kwenye dari, akivikata mraba wa takriban sentimita sitini kila upande. Rangi ilikuwa ya baiskeli, ile ya kopo, ya mafuta. Rangi ile haichanganyiki kirahisi wala haikubali vivuli vya taratibu. Inakaa ilipowekwa na inang'aa. Ndiyo maana mnyama wa Tingatinga amesimama peke yake mbele ya rangi tupu, na madoa yake yamepangwa moja moja kwa subira. Watu wakiona leo wanasema ni mtindo wa Kiafrika. Mimi naona pia bei ya kopo la rangi.

Aliishi Msasani, na picha ziliuzwa karibu na hapo, Morogoro Stores, Oyster Bay, ambako wageni wa ubalozi na mashirika walikuja kununua mboga. Mkewe, Agatha Mataka, ndiye aliyekaa pale na picha, akizungumza na wateja. Ukisoma maisha ya wachoraji, mara nyingi unamkuta mtu kama Agatha pembeni, anayehesabu chenji. Biashara ilipokubali, Tingatinga akawaita ndugu na jamaa wa nyumbani aje kuwafundisha: January Linda, Kaspar Tedo, Adeusi Mandu, Abdallah Ajaba, Simon Mpata. Walikuwa vijana wa ukoo na wa vijiji vya jirani, hakuna aliyepitia chuo cha sanaa. Walijifunza kwa kuiga. Mwalimu anachora chui, nawe unachora chui, mpaka mkono wako ukubali.

Baadaye aliajiriwa kama mhudumu katika hospitali ya Muhimbili, akaendelea kuchora baada ya kazi. Mwaka 1972, usiku, akiwa ndani ya gari na wenzake, polisi waliwadhania kuwa wahalifu wanaotoroka wakafyatua risasi. Tingatinga akafa. Alikuwa na miaka kama arubaini na watoto wawili wadogo.

Kwa kawaida hadithi ya mchoraji ingeishia hapo. Hii haikuishia, kwa sababu wale wanafunzi walikuwa wameshajua kuiga. Waliendelea, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakasajili chama chao cha ushirika pale pale Oyster Bay. Mpata alikuja Kenya, akafanya kazi Nairobi hadi alipofariki mwaka 1984, na leo kuna hoteli ya kitalii huko Maasai Mara yenye jina lake. Nao waliofuata, mamia kwa mamia, wameijaza pwani yote picha, kutoka Dar na Zanzibar mpaka hapa kwetu.

Sasa ingia kwenye kibanda hicho hicho cha Diani, geuza macho kutoka ukutani uangalie mezani. Utaona vinyago vya mbao: Mmaasai mwenye mkuki, kifaru, bakuli la saladi lenye vijiko vya shingo ya twiga. Hivi navyo vina baba yake. Anaitwa Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu, Machakos. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa Tanganyika na jeshi la Waingereza, na huko aliwaona wachongaji, Wazaramo kwa masimulizi ya wengi, wakichonga sanamu za kuuza. Aliporudi nyumbani akaanza kuchonga kwa ajili ya soko, akafundisha jamaa zake, nao wakafundisha majirani. Kizazi kimoja baadaye Wamunyu nzima ilikuwa inashika tezo. Wakashuka pwani kufuata watalii, na mwaka 1963 wakaanzisha ushirika wao Mombasa, kule Changamwe.

Ukiwaweka hawa wawili pamoja, maisha yao yanafanana mno. Kila mmoja alitoka kijijini kwa sababu ya kazi ya Mzungu, shamba au vita. Kila mmoja aliona kwa macho kazi ya wageni, akaibeba, akaibadilisha, akawapa watu wake. Na kila mmoja alifundisha kwa kuiga, ndiyo maana tunavyo vitu vyao vingi namna hii.

Kuna mtu hapa atasema: sawa, lakini hiyo ni sanaa ya watalii, kopi za kopi. Wasanii wa kweli hawaigi. Hapo ndipo napenda kuitoa noti ya dola moja.

Sura ya George Washington kwenye noti hiyo imetokana na picha iliyochorwa mwaka 1796 na Gilbert Stuart. Huyu ni mmoja wa wachoraji wa mwanzo kabisa wa Marekani kama nchi, na maisha yake hayakuwa ya heshima sana. Alijifunza London, akatumbukia kwenye madeni, akakimbilia Dublin, akatumbukia tena, kisha mwaka 1793 akarudi Marekani na mpango mmoja kichwani: kumchora Washington na kupata pesa. Picha ile hakuimaliza. Aliiacha makusudi ikiwa nusu, kichwa tu na mandhari kidogo, ili asilazimike kuikabidhi, na miaka iliyofuata akaitumia kutengenezea nakala, moja baada ya nyingine, dazeni kadhaa. Bei ilikuwa dola mia kila moja. Mwenyewe alizitania kuwa ni noti zake za dola mia.

Yaani huyu, ambaye sura aliyoichora iko mfukoni mwa kila mtalii wa Kimarekani anayeshuka Ukunda, alikuwa na kibanda chake cha nakala kama wale vijana wa mchangani. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na mahakama. Nahodha mmoja alinunua Washington kutoka kwake, akaahidi kutoinakili, kisha akaipeleka Guangzhou, China, akachorewa nakala kama mia moja juu ya kioo, akazileta Philadelphia kuuza. Mwaka 1802 Stuart akamshtaki, na mahakama ikamzuia nahodha kuendelea kuziuza. Hata hivyo Stuart alikufa mwaka 1828 na madeni yake, akazikwa Boston kwenye kaburi lisilo na jina.

Wachongaji wa picha za kuchapa wa enzi hizo walinyang'anyana waziwazi zaidi. Machi 1770 askari wa Uingereza waliwapiga risasi watu barabarani Boston. Kijana aitwaye Henry Pelham akalichora tukio hilo, akamwonyesha Paul Revere, fundi wa fedha. Revere akaichonga haraka kwenye bamba la shaba, akaichapa, akaiuza kabla Pelham hajatoa yake. Pelham alimwandikia barua ya hasira akimfananisha na mnyang'anyi wa njiani. Haikusaidia. Revere yumo kwenye vitabu vya shule vya Wamarekani mpaka leo. Pelham muulize nani.

Kwa hiyo kuiga hakuna aibu. Kila mahali sanaa ilipoanza kuwa kazi ya kulisha watoto, watu waliigana, wakaibiana, wakafundishana. Kinachotofautisha ni nini kiliandikwa. Wamarekani waliandika. Mwaka 1834, Stuart akiwa ana miaka sita tu kaburini, mchoraji mwenzao William Dunlap alichapisha kitabu kizima cha maisha ya wachoraji na wachongaji wa nchi ile, wakubwa kwa wadogo, na madeni yao na ulevi wao. Ndiyo maana mimi, mtu wa Ukunda, naweza kukusimulia ugomvi wa Stuart na nahodha wake zaidi ya miaka mia mbili baadaye, ila siwezi kukwambia nani alichora chui anayening'inia mita mia mbili kutoka kwetu.

Hili si suala la hisia tu. Lina pesa ndani. Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki ya mchoro inadumu maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Tingatinga alifariki 1972, hesabu mwenyewe: saa imeshakwisha. Na mtindo, ule wa chui na madoa, haukuwahi kulindwa, maana sheria inalinda mchoro, hailindi namna ya kuchora. Wakati huohuo picha zake halisi, zile za hadibodi alizotia sahihi kwa mkono wake, huuzwa leo kwa maelfu ya dola kati ya watu wasiomjua Agatha. Mwaka 2019 sheria yetu ilirekebishwa ikampa msanii haki ya kupata kitu picha yake inapouzwa tena. Ni hatua nzuri. Lakini haki hiyo inahitaji kwanza kujulikana msanii ni nani. Picha isiyo na jina haimdai mtu chochote.

Kilichowapata wanafunzi wa wanafunzi ni cha ajabu kidogo. Jina la mwalimu lilikua mpaka likafunika yao. Mchoraji anakaa siku mbili akipanga madoa, na muuzaji akiulizwa anajibu kwa jina la marehemu. Mutisya Munge yeye amepata kinyume chake: kazi yake imeenea hivyohivyo, jina limebaki Wamunyu. Sijui lipi ni baya zaidi, jina lako kuwa la kila mtu au kutokuwa la mtu.

Kuna wachoraji na wachongaji wanaofanya kazi sasa hivi Ukunda, Mombasa, Tanga. Wengine ni wa rika letu. Wana simu, wana kurasa za Instagram, baadhi wanatia sahihi kwenye kona. Hakuna Dunlap wao. Hakuna aliyekaa nao na kuandika alizaliwa wapi, nani alimfundisha, alilipwa ngapi kwa picha ya kwanza, mti anaupata wapi sasa kwa vile mpingo na muhugu umekuwa adimu na wachongaji wengi wamehamia mwarobaini na mwembe. Hayo yote yanajulikana leo na watu walio hai, na kuyauliza hakuhitaji shahada.

Kwa hiyo ukija Diani likizo na ukaamua kununua yule chui, nunua, ni mzuri. Muulize muuzaji jina la aliyemchora. Akisema Tingatinga, cheka naye, kisha mwombe apige simu aulize. Nilipomsisitiza yule wa kwangu alipiga. Tulingoja kama dakika tano juani, akapata jina kamili na mtaa. Nimeviandika nyuma ya picha kwa kalamu ya wino, pamoja na tarehe.