Uhifadhi wa tumbaku ya kiko (Balangdalalu)

Uhifadhi wa tumbaku ya kiko ni kuiweka tumbaku iliyokwisha kukaushwa katika chombo kisichopitisha hewa, isije ikakauka mno, ikaota ukungu au kupoteza harufu. Makala hii inahusu Balangdalalu, kata ya Wilaya ya Hanang mkoani Manyara, pamoja na upande wa Mbulu hadi bonde la Yaeda.

Kwa Wadatoga na Wairaqw wa eneo hili tumbaku ni ya kunusa na kutafuna kuliko ya kuvuta, lakini kiko nacho kina wenyewe. Wahadzabe wa Yaeda huvuta kwa kiko kifupi cha jiwe laini la kuchonga, na kwa muda mrefu wamekuwa wakiipata tumbaku kwa Wadatoga kwa kubadilishana na asali. Anayehama na upinde wake huvuta alichopata siku hiyohiyo. Suala la akiba humhusu mwenye nyumba na sanduku.

Jani la tumbaku hunywa unyevu wa hewa na kuutoa tena, mchana na usiku. Huvutika vizuri likiwa na maji asilimia 12 hadi 15 hivi ya uzito wake. Likipungukiwa, hugeuka vumbi, huwaka upesi na kuunguza ulimi. Likikaa kwenye hewa yenye unyevu unaopita asilimia 70, ukungu huanza. Hanang hupata mvua kati ya Novemba na Mei, kisha huja miezi ya upepo mkavu. Kwa hiyo adui wa kwanza hapa ni ukavu, na ukungu ni wa masika.

Wengi huitegemea chupa kana kwamba ni dawa. Kifuniko hakiongezi unyevu wala hakiupunguzi, hufungia ule uliokutwa. Ndiyo maana jani hupimwa kwanza kwa vidole: likibanwa, linyumbuke na kuachia polepole bila kushikamana donge. Lililokauka hutandazwa bakulini, likafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu kisichogusana nalo, kwa saa chache. Kutia kipande cha kiazi au ganda la ndizi ndani ya chupa ni njia ya mkato inayozalisha ukungu kuliko inavyolainisha. Jani bichi ambalo halijakauka sawasawa lisifungiwe kabisa, litaoza humohumo.

Chombo bora ni chupa ya kioo yenye kifuniko cha bati chenye ukingo wa mpira, mtindo ambao Mmarekani John Landis Mason aliupatia hataza mwaka 1858. Chupa ya jamu inafaa. Ya achari ioshwe, na kifuniko chake kinuswe kabla ya kutumiwa, maana mpira hushika harufu na kuikabidhi tumbaku. Kopo la bati la kubana linatosha kwa wiki kadhaa. Mfuko mwembamba wa nailoni huvujisha harufu taratibu. Kibuyu na pembe, vyombo vya siku nyingi vya wafugaji, ni vya kutembea navyo. Havikutengenezwa kwa akiba ya kiangazi kizima.

Chombo kijazwe. Wakulima wa mahindi wanaijua kanuni hii kwa mifuko ya PICS isiyopitisha hewa: hewa ikiwa kidogo, wadudu huimaliza oksijeni na kufa. Mdudu wa tumbaku ni Lasioderma serricorne, fukusi wa kahawia wa milimita 2 hadi 3, anayetoboa karatasi na plastiki nyembamba. Mayai yake huingia na jani kutoka sokoni, hivyo tumbaku mpya isichanganywe na ya zamani mara moja. Mwenye friza huigandisha siku kadhaa kwanza.

Chini ya paa la bati chupa hupata joto kali mchana na baridi usiku, matone yakajikusanya kwenye kifuniko na kudondokea majani. Nyumba ya tembe, yenye kuta nene na paa la udongo, haina kasoro hiyo. Kwingineko mahali pa chupa ni karibu na sakafu, gizani, mbali na jiko.

Ugoro uliochanganywa na magadi uwe na chombo chake. Magadi huiachia nikotini iwe mvuke, kwa hiyo ugoro hupoteza ukali upesi ukiachwa wazi, na harufu yake huharibu tumbaku ya kiko iliyo jirani.

Tumbaku iliyotunzwa vizuri ina madhara yaleyale kwa mvutaji. Kwa mtoto hatari ni ya papo hapo, kwani akiimeza kidogo tu anaweza kutapika na kupata degedege. Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Kwa kuwa mahali penye ubaridi ndipo pia mtoto anapofikia, chupa hukaa ndani ya sanduku lenye kufuli.