Marafiki wa Accrington



Juma hili tunawaomba mtuvumilie tukisafiri mbali kidogo, hadi Accrington, mji wa viwanda vya pamba na vya mashine ulioko Lancashire, kaskazini-magharibi ya Uingereza. Si mji mkubwa, na pengine tusingalisikia habari zake kamwe kama si asubuhi moja ya mwaka 1916. Twataka kuzungumzia kikosi cha askari wa miguu wa kujitolea kilichoundwa huko. Katika orodha za jeshi kiliitwa Batalioni ya 11 ya Rejimenti ya East Lancashire. Wenyeji walikiita, na wangali wakikiita, Accrington Pals, yaani Marafiki wa Accrington.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, Uingereza, tofauti na Ufaransa na Ujerumani, haikuwa na sheria ya kuwalazimisha vijana kuingia jeshini. Waziri wa Vita, Lord Kitchener, aliomba watu 100,000 wajitolee. Mwishoni mwa mwezi huo, huko Liverpool, Lord Derby aliwapa vijana ahadi iliyowagusa mno: watakaojiandikisha pamoja watatumika pamoja. Karani hatatenganishwa na karani mwenzake, wala ndugu na nduguye, wala jirani na jirani. Miji mingine ikaona wivu mwema. Meya wa Accrington, John Harwood, akaiandikia Wizara ya Vita kwamba mji wake nao utatoa kikosi kamili. Uandikishaji ulianza Septemba 14, 1914, na katika muda wa siku kumi hivi watu wapatao elfu moja walikuwa wamepatikana. Kusema kweli, si wote waliotoka Accrington penyewe: Chorley, Burnley na vijiji vya jirani vilitoa sehemu kubwa. Lakini hakuna mji mdogo kuliko huo uliothubutu kuahidi kikosi kizima.

Je, walikwenda kwa hiari? Twaamini ndiyo, ingawa neno hilo lataka kutazamwa kwa makini. Biashara ya pamba ilikuwa imezorota, na mgogoro kati ya wafanyakazi na mwajiri mmoja mkubwa mjini ulikuwa umewaacha maelfu bila mshahara. Mshahara wa askari, chakula na posho ya mke havikuwa vitu vya kudharauliwa. Tena kijana aliyewaona rafiki zake wote wamejipanga mstari, angebakije yeye nyumbani? Wako waliodanganya umri wao ili wakubaliwe. Hata hivyo hiari yao ilikuwa hiari, tukiilinganisha na yaliyowapata babu zetu katika vita hiyohiyo: mamia ya maelfu ya wapagazi walikusanywa Afrika Mashariki, wengi wao kwa nguvu, na jina la Kariakoo, Dar es Salaam, latokana na jina la Kiingereza la kikosi chao.

Miezi ya kwanza ilikuwa kama mchezo. Vijana walifanya gwaride mitaani na jioni wakarudi kulala kwa mama zao. Februari 1915 wakaondoka kwenda Caernarfon, nchini Wales, kisha wakazungushwa katika kambi kadhaa za Uingereza. Mnamo Desemba 1915 walisafirishwa kwa meli hadi Misri kuulinda Mfereji wa Suez, na majira ya kuchipua ya 1916 wakafika Ufaransa, wakiwa sehemu ya Divisheni ya 31, pamoja na vikosi vya namna yao kutoka Sheffield, Barnsley, Leeds na Bradford. Karibu miaka miwili ilikuwa imepita tangu wajiandikishe, nao hawakuwa wamepigana hata pigano moja kubwa.

Walipewa kijiji cha Serre, ncha ya kaskazini ya shambulio kuu la mto Somme. Mbele ya mahandaki yao palikuwa na vichaka vinne ambavyo askari wa Uingereza walikuwa wamevipa majina ya Wainjili: Mathayo, Marko, Luka na Yohane. Kutoka hapo ndipo vijana wa Accrington na wenzao wa Sheffield walipotakiwa kupanda mteremko kuelekea mahandaki ya Wajerumani. Kwa siku saba mizinga ilikuwa imepiga usiku na mchana, na makamanda waliamini kwamba hakuna aliyesalia hai upande wa pili. Waliosalia walikuwa wengi. Walikuwa wamejificha katika mapango waliyoyachimba chini kabisa ya ardhi, na seng'enge mbele yao zilikuwa bado zimesimama mahali pengi.

Julai 1, 1916, saa 1:20 asubuhi, mawimbi ya kwanza yalitoka handakini na kulala chini mbele ya mstari wao. Saa 1:30 wakainuka na kwenda mbele kwa safu. Bunduki za rashasha zikawapokea. Wachache walifika katika handaki la adui, wakatoweka huko. Kati ya watu wapatao 720 wa kikosi hicho walioshiriki, 584 waliuawa, walijeruhiwa au hawakuonekana tena, wengi wao katika nusu saa ya kwanza. Siku hiyo jeshi la Uingereza kwa jumla lilipoteza watu 57,470, wakiwemo 19,240 waliokufa.

Hapa ndipo ile ahadi ya Liverpool ilipodai malipo yake. Laiti vijana wale wangalitawanywa katika vikosi kumi, misiba ingaliufikia mji kidogo kidogo. Walikuwa pamoja kama walivyoahidiwa, na kwa hiyo habari zao zikaja pamoja. Kwanza magazeti yalisifu ushindi. Kisha barua za majeruhi zikaanza kuwasili, na mapazia yakafungwa nyumba baada ya nyumba katika mtaa uleule. Inasimuliwa kwamba watu waliizunguka nyumba ya meya wakidai waambiwe ukweli. Hatumhukumu mzee yule. Aliwapenda vijana wa mji wake, na alichowaombea ni kile walichokitaka wenyewe.

Kikosi hakikufutwa. Sheria ya kuwaandikisha watu kwa lazima ilikuwa imepitishwa Januari 1916, na nafasi zilizoachwa wazi zikajazwa na wageni, mmoja kutoka huku, mwingine kule. Jina la batalioni likabaki hadi mwisho wa vita. Serre haikutekwa mwaka huo. Wajerumani waliiacha wenyewe Februari 1917, na hapo tu, baada ya zaidi ya miezi saba, ndipo wengi wa waliolala kati ya mistari miwili walipoweza kuokotwa na kuzikwa, katika makaburi madogo yaliyopo hata leo chini ya mteremko ule. Sehemu ya vichaka vya Wainjili sasa ni bustani ya kumbukumbu, na ndani yake, tangu mwaka 1991, umesimama ukuta mfupi uliojengwa kwa matofali mekundu yaliyoletwa kutoka Accrington.